Weka L: Gari Kutoka Kwamkoro Hadi Mlalo

Ndugu zangu, nimechoka kusimulia vipande vipande. Sokoni naulizwa, kanisani naulizwa, hata kwenye foleni ya kusaga mahindi naulizwa: uliondoka Jumanne kufuata gari, ukasema Alhamisi asubuhi umerudi, mbona ulifika Ijumaa na bampa limekunjwa? Basi nakaa chini niandike yote, na anayefikiria kununua gari asome taratibu, maana kuna mambo humu niliyoyalipia kwa aibu.

Mnajua kwa nini nilitaka gari. Mama yangu alivunjika nyonga miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hajatoka Malindi yetu hii ya Lushoto. Pikipiki hawezi kupanda. Ile gari ya abiria tulijaribu mara moja, wakatubana wanne kwenye kiti cha watatu, hata kijiji hatujakimaliza akaomba ashushwe, machozi yanamtoka. Na dada yake, mama yangu mkubwa, yuko Mlalo. Mwezi uliopita hospitali walimrudisha nyumbani wakawaambia wanawe wakae naye tu. Kila asubuhi alikuwa anauliza, "Mdogo wangu amefika?" Nikamwambia mama, Alhamisi nakupeleka. Akasema sawa, akaenda kufua nguo zake mwenyewe, na fimbo mkononi.

Malindi hadi Kwamkoro

Habari za vibali na karatasi siwaandikii, hazina utamu. Nilishuka na basi la asubuhi hadi Muheza, nikapata gari la mizigo linalopanda Amani. Nilikaa juu ya magunia ya unga na mama mmoja aliyebeba kuku wawili kwenye kikapu. Aliponisikia nikisema natafuta gari la kununua, alinitazama viatu, akasema, "Kwamkoro? Huko watu wanauza iliki." Basi hakunisemesha tena mpaka akashuka.

Muuzaji ni Mzee Mhina, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha chai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha, tukala ndizi za nazi kwanza. Gari lilikuwa uani chini ya bati. Gari dogo la Kijapani, la kijivu, limeinuka kidogo kutoka chini, otomatiki.

Hapa nisikilizeni, maana hii sehemu niliifanya vizuri na hakuna anayenisifia. Gari la mtu likague likiwa limepoa. Nilimkataza mzee asiliwashe kabla sijafika, na nilipofika niligusa boneti, baridi kabisa. Gari lililopashwa moto linaficha mengi. Nikachomoa kijiti cha oili, nikaipaka kwenye kidole: nyeusi kidogo lakini safi, haina weupe kama wa maziwa. Ukikuta weupe, maji yameingia kwenye injini, aga uondoke. Nikafungua rejeta, maji ya kijani, hakuna kutu. Nikalala chini kwenye udongo na shati langu la safari, nikapapasa chasisi na msumari nikitafuta kutu inayobomoka. Nikaliwasha, nikaenda nyuma kuangalia moshi. Wa bluu linakula oili, mweupe usiokoma linakunywa maji. Hili halikutoa kitu.

Nikafungua buti kutazama tairi la akiba. Pembeni kulikuwa na kibao cha plastiki, cheupe, chenye herufi L nyekundu, na waya wa kufungia.

"Hicho ni cha mke wangu," Mzee Mhina akasema. "Nilimfundishia udereva humu. Kaa nacho, huenda na wewe ukamfundisha shemeji."

Tukamalizana. Nikalala kwake, na Jumatano nilipokuwa nimeshakaa kwenye usukani, mzee akainama dirishani. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Kijana wangu, mteremko wa kutoka Amani unaujua? Ukianza kushuka tu, weka L. Usione aibu. Weka L mpaka chini kabisa."

Nikamjibu, "Nimekuelewa, mzee."

Amani hadi nisipopataka

Sasa mjue kitu kimoja kuhusu mimi. Nimeendesha lori la mbao miaka kumi na moja. Nimeshuka nalo milima hii kwenye matope nikiwa na magogo mgongoni. Otomatiki sijawahi kuendesha hata siku moja, lakini hilo sikumwambia Mzee Mhina, na ningejing'ata ulimi kabla ya kumwambia. Gia zenyewe niliona ni rahisi: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, D ya kwenda. Chini yake kuna herufi nyingine, nikasema hizo za mapambo.

Kwa hiyo nilipofika mteremko unapoanza, nikasimamisha gari pembeni. Nikashuka, nikafungua buti, nikatoa kile kibao cha L, nikakifunga kwa waya kwenye bampa la mbele. Nikakikaza vizuri.

Msinicheke. Iliniuma. Dereva wa miaka kumi na moja kutundikwa L! Lakini mkubwa amesema, na amesema nisione aibu. Nikajiambia huenda ndiyo desturi ya huku, mgeni anaweka L ili malori ya chai yampishe kwenye kona. Nikaingia, nikatia D, nikaanza kushuka.

Kwenye lori ningeshuka na gia namba mbili, injini inalishika lori, mguu unagusa breki kidogo tu. Hili halikushikwa na kitu. Kila nikiachia breki linakimbia kama limeona nyumbani. Basi nikakanyaga breki, nikakanyaga, kona baada ya kona. Wanawake waliokuwa wanarudi na kuni wakajibanza ukingoni wakanipigia makofi. "Jitahidi, mwanafunzi!" Nikawapungia mkono huku jasho linanitoka.

Harufu ilianza kabla ya moshi. Harufu ya kitu kilichoungua, kali, inakaa kooni. Halafu breki ikawa laini. Nikakanyaga, mguu ukazama. Nikakanyaga tena, ukafika chini kabisa na gari halijali. Jamani, niliogopa. Kushoto ukingo wa udongo, kulia miti inaanzia chini ya barabara, unaona vilele vyake tu. Nikavuta handbreki pole pole, maana ukiivuta ghafla gari linageuka, nikalielekeza kwenye udongo. Likakwaruza, likaruka, likaingia mtaroni, likasimama pua juu.

Nilimfikiria mama na zile nguo alizofua.

Watu walifika haraka kuliko nilivyotaka. Kijana wa bodaboda akazunguka gari mara mbili, akasoma bampa, akachungulia kiti cha pembeni.

"Pole sana, baba. Mwalimu wako amerukia wapi?"

"Sina mwalimu."

"Umemtoroka?"

Mzee mmoja alishaleta ndoo ya maji amwagie magurudumu, nikamzuia kwa kelele. Na ninyi shikeni hili: breki iliyowaka moto usiimwagie maji ya baridi, chuma kitapinda au kupasuka. Iache ipoe yenyewe. Kaa uvumilie kuchekwa.

Yule kijana alinipa namba ya fundi wa Muheza aitwaye Kombo. Baada ya saa moja na nusu Fundi Kombo akaja na pikipiki, mtu mrefu, mpole, anaongea kama anayehesabu maneno. Akakagua magurudumu yote. Halafu akaniuliza:

"Aliyekuuzia hakukwambia uweke L?"

"Aliniambia. Nimeweka."

"Ulishuka ukiwa na L?"

"Tangu juu. Hujaiona? Si ile pale mbele!"

Kombo akaenda mbele. Akakitazama kibao. Akanitazama mimi. Akakitazama tena kibao. Kisha akakaa chini barabarani, mtu mzima yule, akashika tumbo. Alicheka mpaka akakohoa. Na kila aliyepita akitaka kujua kuna nini, alielezwa, naye akaanza upya.

Alipoweza kusema aliniingiza ndani ya gari, akaweka kidole kwenye ile herufi ya chini kabisa ya gia niliyoiita pambo. L. Hiyo ndiyo namba mbili yako ya lori, akasema. Ukiiweka, gari halipandi gia za juu, injini inalishika. Nikawa mdogo kama kidonge cha pilitoni.

Muheza

Vijana walilisukuma kutoka mtaroni, na Kombo ndiye aliyeliendesha hadi Muheza, taratibu, kwenye L. Injini ililalamika njia nzima lakini breki aliigusa mara chache sana. Nilimtazama mkono na mguu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Gereji yake iko nyuma ya soko. Nikadhani tutaanza kazi. Akanawa mikono akaagiza chakula.

"Fundi, mama yangu ananisubiri."

"Gari linapoa. Mimi nakula. Na wewe kula."

Tukaletewa bada, ugali wa muhogo ule unaovutika, na samaki wa nazi mwenye pilipili. Sisi wa juu tumezoea ugali unaokatika. Nilichukua tonge nikalitafuna, na meza nzima ikanishangaa. "Halitafunwi hilo," mwanamke aliyetuhudumia akasema. "Limeze tu." Siku ile ilikuwa ya kufundishwa kila kitu.

Pedi za mbele zilikuwa zimeungua zikawa kama mkaa, na mafuta ya breki yalichemka ndiyo maana mguu ulizama. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hayasukumi breki. Pedi za gari lile Muheza hazikuwepo. Zitoke Tanga, kesho. Usifungiwe za gari jingine kwa kusuguliwa ili ziingie, mtu akikuahidi hivyo ondoka. Na mafuta ya breki yabadilishwe yote, yasiongezwe juu ya ya zamani.

Nikampigia mama. Nikamwambia gari limepata hitilafu.

"Umeumia?"

"Hapana, mama."

"Basi njoo." Akakata.

Baadaye mke wangu akanipigia kwa siri. Ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa ametoa taarifa kutoka Mlalo: mama mkubwa leo hakula. Nililala gereji ndani ya gari, na usingizi sikupata. Nilikuwa najiuliza, mtu anawezaje kumchelewesha mama yake kwa sababu ya kuogopa kuuliza swali moja?

Muheza hadi Mombo

Alhamisi pedi zilifika alasiri. Kombo akafunga, akatoa hewa kwenye breki, akanipa funguo. Sikuondoka. Nilimwomba anifundishe gari lote, kuanzia usukani hadi wipa, na sikujali waliokuwa wanasikiliza. Nikanunua machungwa na mdalasini wa mama, nikapita Segera kwa mwendo wa adabu.

Korogwe trafiki akanisimamisha. Dada mmoja mtulivu, nguo nyeupe imenyooka.

"Habari ya safari, mzee. Mwalimu wako yuko wapi?"

Nikageuka kutazama kiti cha pembeni. Akanionyesha bampa. Loh! Kibao! Kati ya kicheko na haraka hakuna aliyekifungua.

"Mimi si mwanafunzi, afande. Nina leseni ya malori."

"Mwenye leseni ya malori anatembea na L?"

"Niliambiwa niweke L mlimani."

"Huu mlima?" Akatazama barabara, tambarare kama meza.

Ilibidi nimweleze yote tangu Mzee Mhina. Alisikiliza bila kutabasamu, akakagua leseni, akakagua taa na tairi moja moja, nikaona jua linaondoka. Mwishoni akasema, "Kifungue uweke ndani. Na mama msalimie." Alipogeuka nikaona mabega yanatikisika.

Nilifika Mombo giza limeingia, na mlima wetu na gari nisilolijua sikutaka kuupanda bila kuona. Nikalala hapo. Huo ndio uamuzi pekee wa safari ile ambao mke wangu ameupongeza.

Mombo hadi Malindi

Asubuhi, kabla ya kuwasha, nikapima oili na maji. Fanyeni hivyo kila siku kabla ya injini kupata moto, dakika mbili tu. Kupanda Soni nilizima kiyoyozi, nikawa naangalia mshale wa joto kuliko barabara ilivyostahili. Ulipoanza kuinuka nilisimama, nikafungua boneti, mfuniko wa rejeta sikuugusa. Mjomba wangu aliwahi kuugusa ukiwa wa moto, na kovu lake mnalijua.

Wauza plamu wakanizunguka. Mama mmoja akanisalimia kwa Kishambaa, "Onga makeo," na sauti ile ya nyumbani ikanilegeza hadi nikanunua plamu zaidi ya tulizohitaji. Akaniuliza naharakia wapi na jasho lote lile wakati pale kuna baridi. Nikamwambia nampeleka mama kwa dada yake mgonjwa. Akaongeza plamu nne, akasema, "Hizi za mgonjwa. Nenda, limepoa hilo."

Lushoto sikusimama. Mlionipungia mkono sokoni mkadhani naringa, nisameheni.

Malindi nilifika saa nne na nusu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, gauni la kanisani, kitambaa kichwani, viatu miguuni, begi pembeni. Nikasema umejiandaa mapema. Mke wangu akanivuta kando, akaninong'oneza, "Yuko hapo tangu jana asubuhi. Usiku tu ndiyo aliingia, viatu akakataa kuvua."

Nikarudisha kiti cha mbele nyuma kabisa, nikakilaza, nikatandika mto na blanketi. Tukamwingiza kwa kutanguliza makalio halafu miguu yote miwili kwa pamoja, hivyo nyonga haijipindi. Mwenye mzazi wa namna hiyo ajaribu.

Malindi hadi Mlalo

Mteremko wa Mlalo ulipoanza nikaweka L, ile ya kwenye gia. Injini ikaunguruma.

"Linalia nini?" mama akauliza.

"Linajizuia, mama."

"Vizuri. Lijizuie." Akashika mkanda kwa mikono miwili, akaanza kunitajia mashamba: hili lilikuwa la fulani, pale tuliiba miwa, pale baba alituchapa. Miaka mitatu hajaiona njia ile. Niliteremka polepole kuliko ilivyohitajika.

Mama mkubwa alikuwa amelazwa chumba cha mbele, mdogo kabisa ndani ya mablanketi. Alikuwa amefumba macho. Ndugu yangu akasema amekuwa hivyo tangu juzi, hasemi. Tukamkalisha mama kitandani. Hakusema pole. Aliweka mkono kwenye paji la uso la dada yake, akasema kwa Kishambaa, kwa ukali kidogo, amka, nimefika.

Mama mkubwa akafumbua macho. Akamtazama muda mrefu.

"Umenenepa," akasema.

"Na wewe umeisha. Kula."

Akala. Vijiko vinne vya uji na nusu ya plamu, mama akimlisha na kumgombeza. Ndugu yangu alitoka nje, nikamkuta ameegemea gari analia. Na mimi nikalia, kwa nini nifiche.

Saa kumi ukungu ukaanza kushuka. Nikaingia ndani, nikamwambia mama tujiandae, nataka tupande mlima kungali na mwanga. Alikuwa amepanda kitandani, amelala ubavuni upande wa ukutani, wamefunikwa blanketi moja, mkono wa dada yake uko ndani ya mkono wake. Viatu alikuwa ameshavua.

"Mimi nilikwambia unipeleke," akasema. "Sikukwambia unirudishe."

"Mama, nyonga yako. Dawa zako."

"Zimo kwenye begi. Nenda, mwanangu. Umefanya vizuri."

Iliniuma, siwafichi. Gari nilikuwa nimelinunua nikijiona mimi na yeye tukizunguka nalo kila mahali, kanisani, Lushoto, mpaka Tanga akaone bahari. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Halafu nikamwachia mto, nikabusu mikono yao yote miwili, nikapanda Malindi peke yangu.

Leo ni siku ya tisa. Mama mkubwa anakula asubuhi na jioni. Gari liko uani, oili nimepima, na simu naiweka karibu. Mama hajapiga.